Joto huvunja umbo, magadi hunyang'anya protoni: zailanesi ndani ya rojo la karatasi

Rojo la mbao lililopikwa kwa mbinu ya kraft hutoka likiwa la kahawia. Limechemshwa ndani ya soda kali na salfidi ya sodiamu kwenye nyuzijoto 160 hadi 170 hivi, lignini nyingi (gundi ya asili ya mbao) imeyeyuka, ila iliyosalia imeng'ang'ania nyuzi. Kwa miaka mingi iliondolewa kwa gesi ya klorini, na maji machafu yakabeba misombo ya klorini, dioksini zenye sumu zikiwamo. Ndiyo maana naiheshimu sana kazi ya Liisa Viikari na wenzake wa Ufini, waliyoitoa mwaka 1986: rojo likitibiwa kwanza kwa kimeng'enya kiitwacho zailanesi, klorini inayohitajika kuling'arisha hupungua.

Kimeng'enya hiki hakiigusi lignini yenyewe. Hukata zailani, mnyororo wa sukari ambao wakati wa kupika huyeyuka kisha hurudi kutanda juu ya nyuzi na kuifunika lignini. Tando hilo likikatwa, kemikali za kung'arishia hupata njia.

Zailanesi hugawanywa katika familia kwa kufanana kwao, na ninazozipenda zaidi ni za familia ya 11. Ile ya bakteria Bacillus circulans ni mnyororo wa asidi amino (vijenzi vya protini) 185 tu, na udogo huo huisaidia kupenya vitundu vya nyuzi. Mnyororo umejikunja kuwa mabapa mawili yaliyopindana, yaitwayo ya beta, na msokoto mmoja tu, uitwao hesi ya alfa, na umbo zima ni kama mkono wa kulia uliokunjwa nusu: vidole, kiganja, na kidole gumba kilichoinamia mfereji ambamo zailani hulala. Ndani ya mfereji asidi amino mbili aina ya glutamati, ya 78 na ya 172 kwenye mnyororo, hutazamana kwa umbali wa nanomita 0.55 hivi. Ya 78 huishambulia kaboni ya sukari. Ya 172 hutoa protoni (kiini cha hidrojeni) ili kifungo kikatike, kisha huchukua nyingine kutoka kwenye maji.

Watu husema kimeng'enya fulani "ni imara" kana kwamba uimara ni kitu kimoja. Joto na magadi, yaani hali iliyo kinyume cha asidi, hukiharibu kwa njia mbili tofauti kabisa.

Joto hufumua umbo, na katika familia hii ufumukaji mara nyingi huanzia upande wa mwanzo wa mnyororo, kwenye vipande vya pembeni vya mabapa ya beta. Kwa hiyo pa kuimarisha ni pale. Mwaka 1994 watafiti wa Kanada waliweka viungo vya salfa ndani ya zailanesi ya B. circulans, na ustahimilivu wake ukapanda kwa takribani nyuzijoto 15. Ila kustahimili si kufanya kazi: kidole gumba lazima kijongee ili zailani iingie na kutoka, na protini iliyokazwa mahali pasipofaa hubaki nzima bila kukata chochote.

Magadi yanaweza kukiacha kimeng'enya na umbo lake lote, lakini yameinyang'anya glutamati ya 172 protoni yake. Bila protoni hiyo hakuna mkato. Jirani yake wa karibu, asidi amino ya 35, ana usemi mkubwa hapa: akiwa asparagini, zailanesi ya B. circulans hufanya kazi vizuri zaidi kwenye pH (kipimo cha asidi na magadi) 5.7, akibadilishwa kuwa asidi ya aspatiki, kiwango hicho hushuka hadi 4.6. Badiliko hilo dogo, ndani ya protini yenye maelfu ya atomu, hunistaajabisha hadi leo.

Rojo la kiwandani ni la moto na lina magadi kwa pamoja, hivyo mara nyingi hupozwa na kutiwa asidi ya salfa kabla ya kimeng'enya kuingia. Hiyo ni gharama, na ndiyo sababu tunawatafuta bakteria wapenda magadi kama Bacillus halodurans, na wapenda joto kama Thermotoga maritima, ambaye zailanesi zake hukata zailani kwenye nyuzijoto zinazokaribia 90.

Sharti jingine halina mjadala: selulesi, kimeng'enya kingine, isiwemo, maana ingekata selulosi inayounda nyuzi zenyewe na kudhoofisha karatasi.

Kipimo cha maabara cha dakika kumi ndani ya zailani safi hakinitoshi, kwa sababu kiwandani kimeng'enya hukaa na rojo saa nzima au zaidi. Ninapopokea ripoti ya zailanesi mpya, hutafuta kwanza inachukua muda gani kupoteza nusu ya utendaji wake joto na magadi vikiwapo kwa pamoja, ndani ya rojo halisi.