Santuri za Nakala Chache: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Lebo ndogo, yaani kampuni ndogo ya kutoa muziki, inapotangaza kwamba imefyatua santuri mpya ya nakala mia tatu tu, wapo wanaofurahi na wapo wanaoshuku. Shaka nyingi hutokana na kutoijua kazi yenyewe. Muziki huu wa chini kwa chini, unaotolewa na wasanii wenyewe au na lebo zisizo na kampuni kubwa nyuma yake, hauna msemaji wa kuutetea, na kwa kuwa naupenda kwa dhati nimeona nizijibu dhana zinazorudiwa zaidi.

"Nakala huwa chache kwa makusudi, ili bei ipande."

Anayesema hivi aanze kwa kuuliza santuri hutengenezwaje. Kabla ya nakala ya kwanza kutoka kiwandani, fundi hukata mfereji wa sauti kwenye bamba la alumini lililopakwa laka. Bamba hilo hupuliziwa madini ya fedha, kisha hutumbukizwa kwenye maji ya nikeli yanayopitishwa umeme hadi lifunikwe na ganda la chuma, na ni kutokana na ganda hilo ndipo hupatikana kalibu ya kufyatulia. Gharama ya hatua hizi haibadiliki, uwe umeagiza nakala mia moja au elfu moja. Ukiagiza chache mno, kila nakala huwa ghali kupita kiasi. Ukiagiza nyingi mno, fedha zako hulala stoo ndani ya maboksi. Mia tatu au mia tano ndipo mfuko wa msanii na idadi ya wasikilizaji wake hukutana.

Mfano ulio wazi ni wa Buzzcocks, bendi ya Manchester nchini Uingereza. Vijana hao walikopa pauni 500, wakarekodi nyimbo nne mwishoni mwa Desemba 1976, na Januari 1977 wakatoa santuri yao ya Spiral Scratch kwa lebo waliyoianzisha wenyewe, New Hormones. Walifyatua nakala 1,000 kwa sababu hizo ndizo walizoweza kuzilipia. Zilipokwisha waliagiza nyingine, na nyingine tena, hadi zikafika 16,000 hivi. Mtu anayetafuta uhaba hafanyi hivyo. Mjini Washington nako, lebo ya Dischord ilizaliwa mwaka 1980 ili kuitoa santuri ya bendi ya Teen Idles, ambayo wakati huo ilikuwa imekwisha kuvunjika. Vijana walichukua akiba ya fedha za maonyesho yao, wakafyatua nakala 1,000, wakakaa na rafiki zao kukata, kukunja na kugundisha majalada kwa mikono, moja moja. Lebo hiyo ingali hai, na imekuwa ikifyatua upya kazi zake za zamani kwa bei ya kawaida.

Haki yataka nikiri kwamba wapo wanaoweka kikomo kwa hiari. Mwaka 1988 lebo ya Sub Pop ya Seattle ilifungua klabu yake ya santuri, iliyowatumia waliojiandikisha santuri mpya, kwa wimbo wa Love Buzz wa Nirvana, nakala 1,000 zilizoandikwa namba kwa mkono. Hiyo ilikuwa mbinu ya biashara, na haikufichwa. Kosa ni kuichukua mbinu ya mmoja na kuwatwisha wote.

"Santuri ikija kuuzwa kwa maelfu ya dola, msanii ametajirika."

Msanii hulipwa mara moja tu, santuri inapouzwa kwa mara ya kwanza. Nakala hiyo ikipita mikononi mwa wakusanyaji kumi, faida yote ni ya wauzaji. Anayetaka kumfaa msanii anunue kwake au kwa lebo yake, na mapema.

"Sauti ya santuri ni bora siku zote."

Hapa wapenzi wa santuri, nami nikiwamo, tunapaswa kusema kweli. Sehemu kubwa ya muziki wa chini kwa chini wa leo hutengenezwa kwenye kompyuta tangu mwanzo hadi mwisho, na kuuhamishia kwenye santuri hakuongezi kitu ambacho hakikuwamo. Tena santuri ina mipaka yake. Upande mmoja wa santuri kubwa, inayozunguka mara 33⅓ kwa dakika, hubeba muziki wa dakika ishirini hivi; ukiujaza zaidi, mifereji hubanana na sauti hupungua nguvu. Besi ikitawanywa mno kushoto na kulia yaweza kuirusha sindano, kwa hiyo fundi huivuta katikati. Na kadiri sindano inavyosogea ndani ndivyo njia inavyofupika: ukingoni, mzunguko mmoja una urefu wa sentimita tisini hivi, ilhali karibu na karatasi ya katikati haufiki arobaini, na muda wa mzunguko ni ule ule. Sauti kali, hasa herufi ya "s" ya mwimbaji, hubanwa kwenye nafasi ndogo na kuanza kukwaruza.

Fikiria basi singeli ya Dar es Salaam, yenye mapigo mia mbili na zaidi kwa dakika na vinanda vinavyolia juu kabisa. Lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala, ambayo jina lake linakumbusha kaseti, imeitoa singeli kwenye santuri, ikiwamo Poaa ya Bamba Pana mwaka 2018 na Tatizo Pesa ya Jay Mitta mwaka 2019. Muziki wa namna hiyo humdai fundi wa kukata umakini mkubwa, na ndiyo maana maandalizi ya santuri hayawi yale yale ya faili la mtandaoni.

"Santuri nzito ndiyo yenye ubora."

Uzito wa gramu 140 au 180 hauongezi kina cha mfereji hata chembe. Ubora hutegemea mkataji, usafi wa kalibu, na tundu lililotobolewa katikati barabara. Ndiyo sababu kiwanda hutuma kwanza nakala chache za majaribio. Msanii hukaa nazo akisikiliza: mlio wa "tik" unaorudi kila baada ya sekunde 1.8 unamwambia kwamba kasoro imekaa kwenye mifereji inayofuatana, kwa maana huo ndio muda wa mzunguko mmoja. Ukisikika mahali pale pale katika kila nakala, kalibu ndiyo mbovu, na kazi yote lazima isimamishwe. Ukisikika katika nakala moja tu, ni mkwaruzo wa nakala hiyo.

"Santuri ni mambo ya Wazungu."

Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walisafiri kutoka Zanzibar hadi Bombay kurekodi nyimbo za Kiswahili, na santuri hizo zilienea pwani nzima. Zilikuwa za aina ya zamani, zilizotengenezwa kwa utomvu wa wadudu, zenye kuvunjika kama sahani ya udongo. Santuri ndefu ya plastiki ilikuja mwaka 1948. Baadaye Nairobi ikawa na viwanda vyake, na bendi za Tanzania zilifyatuliwa huko. Kijana wa leo anayetoa santuri anarudi kwenye njia ambayo mabibi na mababu zake waliipita.

"Huwezi kujua kama uliyonayo ni ya toleo la kwanza."

Mara nyingi unaweza. Ishike santuri chini ya taa, uinamishe kidogo, uangalie duara tupu lililo kati ya mfereji wa mwisho na karatasi ya katikati. Utaona herufi na tarakimu ndogo zilizokwanguliwa: namba ya toleo, upande, pengine alama ya fundi. Fundi wa kukata George Peckham wa Uingereza alizoea kuandika hapo "A Porky Prime Cut", na bendi nyingi za chini kwa chini huwaachia wasikilizaji neno au utani mahali hapo hapo. Bamba likikatwa upya, maandishi hayo huandikwa upya pia, hivyo yalinganishe na ya nakala inayojulikana kabla hujatoa fedha zako.