Sauti ya Filamu Haiokolewi Mezani

Wanafunzi wanaotengeneza filamu fupi hapa Mtwara huniletea kazi zao nizitazame kabla ya kuziwasilisha, na karibu kila kundi huja na maneno yaleyale: "Mwalimu, sauti ina kasoro kidogo, lakini tutaisafisha kwenye uhariri." Juzi nimeyasikia tena, safari hii kutoka kwa vijana waliorekodi mazungumzo ya mama na binti yake ufukweni Shangani, upepo wa kusi ukiwa umeshika kasi, huku simu imefungwa kwenye stendi mita tatu kutoka walipo waigizaji. Picha ni nzuri kwelikweli, lakini maneno ya mama hayasikiki. Imani hiyo inaharibu kazi za vijana wenye vipaji, na sioni ikikemewa vya kutosha.

Picha iliyoingia giza kidogo huongezwa mwanga, na rangi iliyoelemea kwenye njano hurudishwa. Kwa mafanikio hayo wengi hudhani kwamba sauti nayo hutibika vivyo hivyo. Maiki haichagui. Hupokea sauti ya mwigizaji, mawimbi ya bahari, bodaboda inayopita na jenereta ya jirani, ikavijumlisha vyote kuwa wimbi moja. Programu ya uhariri haikabidhiwi vitu vinne vilivyotenganishwa. Hukabidhiwa jumla yake, kisha hukisia kipi kimetoka wapi.

Upepo una ubaya wake wa pekee, kwa sababu unachosikia ni hewa yenyewe ikiupiga utando wa maiki. Mngurumo huo umekaa kwenye sauti nzito za chini, na ushauri wa vitabuni ni kukata kila kilicho chini ya Hz 80 au 100, yaani mitetemo 80 au 100 kwa sekunde. Ushauri huo unafaa upepo ukiwa mwepesi. Ukiwa mkali, mngurumo hupanda hadi penye sauti ya binadamu, na mara nyingi hukipitisha kifaa kikomo chake. Nilipoikuza klipu ya vijana wale kwenye skrini, vilele vya wimbi vilikuwa bapa kama majani yaliyofyekwa kwa panga. Penye ubapa ule hakuna neno lililojificha linalosubiri kufichuliwa, maana simu haikulirekodi kamwe. Programu inaweza kukuchorea kilele cha kubuni, lakini neno la mwigizaji limekwenda.

Kisha kuna wale wanaoburuta kitufe cha kupunguza kelele hadi mwisho. Sauti za s, sh na f zimejengwa kwa mvumo wa juu usio na mlio maalumu, na kwa mashine mvumo huo hufanana sana na kelele. Ukizidisha, "fika" na "shika" hukaribiana hadi mtazamaji aanze kukisia. Nikiri kwamba programu mpya zinazotumia akili unde zimewahi kunishangaza kwa klipu nilizokwisha kuzikatia tamaa; lakini siwezi kutabiri ipi itapona na ipi itatoka ikisikika kana kwamba mwigizaji anaongea ndani ya debe, na mradi wenye tarehe ya kuwasilisha haujengwi juu ya bahati.

Dawa yenyewe ni umbali, na hapa ndipo ninapobishana na vijana wanaochangishana fedha za kununua kamera mpya. Mahali pa wazi, kila unapoongeza umbali wa maiki maradufu, sauti ya msemaji hupungua kwa takriban desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), ilhali kelele iliyotapakaa pande zote hubaki ilivyo. Kutoka mita tatu hadi nusu mita unapata kama desibeli 15 za maneno bila kununua chochote. Simu ya pili, ikiwa kwenye hali ya ndege na imefichwa kifuani mwa mwigizaji mahali ambapo nguo haiisugui, huishinda kamera ya bei kubwa iliyosimama mbali. Piga kofi moja mbele ya kamera mwanzoni mwa kila shoti ili upate pa kuoanisha picha na sauti. Kama hadithi haihitaji bahari, hamieni nyuma ya kuta nene za mawe kule Mikindani upepo upite juu yenu. Kama inaihitaji, nendeni alfajiri kabla upepo haujaamka.

Mengine nayataja kwa haraka. Simu nyingi hurekodi fremu kwa kasi isiyo thabiti, ndiyo maana midomo huachana na maneno kadiri klipu inavyorefuka. Zigeuzeni faili ziwe za kasi thabiti kwa programu ya bure kama HandBrake kabla ya kuanza kukata. Umeme wetu ni wa Hz 50, kwa hiyo chini ya taa za tyubu tumieni fremu 25 kwa sekunde na shata (muda wa kila fremu kupokea mwanga) ya 1/50 ya sekunde, la sivyo mistari itatembea kwenye picha. Nakala za klipu zikae sehemu mbili tofauti.

Limebaki suala la kurudia maneno chumbani baada ya picha kukamilika, ambalo vitabu huliwasilisha kama jambo la kawaida. Kwa waigizaji wazoefu huenda ni kawaida. Kwa mwanafunzi aliyelia kweli mbele ya kamera, kurudia kilio hicho wiki mbili baadaye akikitazama kwenye kompyuta mara nyingi huzaa usomaji tu, na mbinu ya uhakika ya kumrudishia hisia ile sijaipata. Ninachopendelea ni hiki: shoti ikikubaliwa, kabla waigizaji hawajanywa hata maji, wapelekeni penye utulivu hatua chache kutoka hapo, wayaseme maneno yote tena kwa mwendo uleule, maiki ikiwa karibu na vinywa vyao. Baada ya hapo rekodini sekunde 30 za ukimya wa mahali pale, ili mhariri apate cha kuzibia mapengo baina ya sentensi.