Tiba ya kisaikolojia kwa maumivu sugu ni nini?

Mtu aliyeumwa mgongo miaka mingi akielekezwa kwa mwanasaikolojia, mara nyingi huondoka akinung'unika kwamba daktari amemwona mwongo. Hasira hiyo inaeleweka, ila haina msingi. Tiba hii inaanza kwa kukubali kuwa maumivu ni ya kweli.

Maumivu huitwa sugu yakidumu au yakirudirudi kwa zaidi ya miezi 3. Kufikia hapo, jeraha la mwanzo huenda limeshapona, au lililobaki halilingani na ukali wa maumivu, lakini mishipa ya fahamu imezoea kupiga kengele hata kwa jambo dogo. Mwaka 1965 watafiti wa maumivu Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza kwamba kwenye uti wa mgongo kuna kitu mfano wa lango, linaloweza kupitisha taarifa za maumivu au kuzipunguza kabla hazijafika kwenye ubongo, na kwamba ubongo nao hulifungua na kulifunga. Baadhi ya maelezo yao yamerekebishwa baadaye, ila jambo la msingi limebaki: hofu, msongo wa mawazo na usiku usio na usingizi huzidisha maumivu. Hapo ndipo mtaalamu anapopata pa kushika.

Njia iliyochunguzwa zaidi ni tiba ya utambuzi na tabia, yaani kubadili mawazo na mazoea yanayozidisha maumivu. Kwa kawaida huchukua vikao 8 hadi 12, kimoja kwa wiki, kila kimoja kama saa moja, peke yako au katika kikundi. Mazungumzo ni sehemu tu ya kazi. Mengi hufanyika nyumbani, kati ya kikao na kikao.

Chukua mfano wa kupangilia shughuli. Mgonjwa akiamka mwili mwepesi hufua nguo za wiki nzima, akadeki, akaenda na sokoni. Kesho yake hainuki, na siku tatu zinapotea. Kila akirudia hivyo, anazidi kuamini kuwa kazi ndiyo adui. Dawa yake ni kupima. Kwa siku 5 hadi 7 andika dakika unazotembea kabla maumivu hayajapanda, kisha tafuta wastani. Wastani ukiwa dakika 12, anza na 9, yaani chini kidogo ya uwezo wako. Tembea dakika hizo kila siku, siku nzuri na siku mbaya, na uongeze takribani asilimia 10 kwa wiki. Weka kengele ya simu, maana saa ndiyo ikusimamishe, si maumivu. Wengi huharibu siku nzuri: wanajisikia vizuri, wanapitiliza, wanarudi walikotoka.

Kisha kuna mawazo. Wazo kama "Nikiinama mgongo utakatika" halibishaniwi kwa maneno, hujaribiwa. Mgonjwa anatabiri kwanza, kwa alama 0 hadi 10, ataumia kiasi gani, ndipo aokote kikombe sakafuni. Siku nyingine ndoo tupu, halafu ndoo yenye lita 5 za maji. Utabiri ukikosea mara kadhaa, hofu hulegea yenyewe. Ndugu nao waitwe kwenye kikao kimoja, kwa sababu wale wanaosema "kaa tu, tutakufanyia" kwa mapenzi yote humfanya mgonjwa azidi kudhoofika. Kupumua polepole na kupanga muda wa kulala hufundishwa pia; ni rahisi, ila hakutoshi peke yake.

Kuna pia tiba ya kukubali na kujiwajibisha. Badala ya kupambana na maumivu kila saa, mtu anaulizwa ni nini anakithamini, tuseme kuswali na wenzake au kucheza na wajukuu, kisha anaanza hatua ndogo kuelekea huko hata kama bado anaumwa.

Usitarajie muujiza. Mapitio ya mwaka 2020 ya Cochrane, shirika linalokusanya na kupima tafiti za afya, yalikusanya tafiti 75 zenye washiriki zaidi ya 9,000; yakaona tiba ya utambuzi na tabia inapunguza maumivu, ulemavu na huzuni, lakini kwa kiasi kidogo. Anayekuahidi kuyafuta kabisa muulize anategemea nini.

Usianzie huku ukiwa na dalili za hatari: kushindwa kuzuia mkojo au choo, ganzi kwenye mapaja ya ndani, mguu kuishiwa nguvu, homa, au kupungua uzito bila sababu. Hapo ni hospitali kwanza, leo. Mwenye selimundu au baridi yabisi aendelee na dawa zake, na anayetumia dawa kali za jamii ya afyuni, kama tramadoli, asiziache ghafla. Zipunguzwe na daktari, hatua kwa hatua.

Penye uhaba wa wanasaikolojia, kama ilivyo katika wilaya nyingi, uliza kitengo cha afya ya akili cha hospitali kubwa, au mtaalamu wa fiziotherapia (tiba ya mazoezi ya viungo), kwani naye anajua kazi ya kupangilia shughuli. Ukimpata mtu, muulize mapema: nyumbani nitafanya nini wiki hii? Akikosa jibu, hayo ni maongezi tu.