Kanuni ya asilimia moja, na faida inayotoka

Watu wa foreksi, biashara ya kununua na kuuza fedha za kigeni, wana neno lao: kuunguza akaunti. Unaweka dola 200 Jumatatu, kufikia Ijumaa zimebaki dola 3 ambazo hazifungui hata tredi moja, yaani oda ya kununua au kuuza. Mara nyingi aliyeunguza alisoma chati vizuri tu. Kilichomponza ni ukubwa wa loti, kipimo cha ukubwa wa tredi.

Kanuni ya asilimia moja inasema hivi: tredi ikikataa, isikutoe zaidi ya asilimia 1 ya akaunti. Kwa dola 200, ni dola 2. Wapo wanaodhani wanaambiwa wafungue tredi ya dola 2. Sivyo. Dola 2 ni kile unachokubali kupoteza bei ikigusa kikomo cha hasara, kile kinachoandikwa SL kwenye MetaTrader, programu ya kufanyia tredi.

Tuseme unanunua EUR/USD (yuro kwa dola), na chati inaonyesha SL ikae pipu 20 chini; pipu ni hatua ndogo ya bei. Gawa dola 2 kwa 20, unapata senti 10 kwa kila pipu, ambayo ni loti 0.01. Chati ikitaka pipu 40 je? Ungehitaji loti 0.005, na mabroka wengi, kampuni zinazokufungulia akaunti, hawashuki chini ya 0.01. Basi iache ipite, au hamia akaunti ya senti, inayohesabu kwa senti badala ya dola. Usisogeze SL karibu ili hesabu ikubali: bei itakutoa kwa mtikisiko mdogo, halafu iende kulekule ulikosema itaenda. Hilo linauma kuliko hasara yenyewe.

Ukipoteza tredi kumi mfululizo (na hutokea) kwa asilimia 1, dola 200 hubaki kama 181. Kwa asilimia 10 kila tredi, zinabaki kama 70, na ili urudi ulipoanzia unahitaji faida ya karibu asilimia 187.

SL nayo ina mipaka yake. Tarehe 15 Januari 2015 benki kuu ya Uswisi iliacha ghafla kuilinda bei ya faranga 1.20 kwa yuro moja. Bei ikaporomoka ndani ya dakika chache, SL nyingi zikajazwa mbali sana na zilipowekwa, na wapo waliobaki na deni kwa broka.

Sasa kutoa. Programu inakuonyesha salio na ekwiti. Salio ni tredi zilizofungwa. Ekwiti inajumlisha na zile zinazoelea. Ukiwa na salio la dola 230 na tredi iliyo wazi inayokula dola 25, akaunti yako ni dola 205, hata kama jicho linakimbilia 230. Ukitoa dola 30 hapo, umechomoa mtaji, na tredi iliyo wazi imebaki na nafasi ndogo ya kupumua.

Mimi ningemshauri anayeanza atoe mapema, hata dola 10, kabla hajafikiria kuongeza mtaji. Hapo ndipo utajua kama mlango wa broka unafunguka kwa ndani. Kawaida pesa hurudi kwa njia ileile uliyowekea, na jina lazima lifanane na la kitambulisho. Aliyeweka kwa laini ya simu ya mkewe atazungushwa, na hapo broka hana kosa. Soma pia masharti ya bonasi, maana nyingine hufungia faida mpaka utimize idadi fulani ya loti.

Ada halali ya kutoa hukatwa kwenye pesa unayotoa. Ukiambiwa utume kwanza "kodi" au "ada ya kufungulia" ndipo faida yako iachiwe, hiyo faida haikuwahi kuwepo. Ni namba tu kwenye skrini. Usitume hata shilingi.

Baada ya hapo, chagua siku moja ya mwezi. Funga tredi zote, angalia kilichozidi mtaji, nusu itoke na nusu ibaki. Mwezi usipozidi, hakuna cha kutoa.