Chesi ya mashindano: yale mnayodhani na yalivyo

Watu wakiongelea gemu ya chesi kati ya wazoefu wawili huwa nacheka tu, maana mengi sio kabisa. Eti lazima iishe kwa chekimeti, yaani mfalme abanwe mpaka asiwe na pa kukimbilia. Wapi! Mzoefu akishaona kilichobaki ni mateso anasimamisha saa, anampa mwenzake mkono kukubali kushindwa, wanasaini karatasi zao basi, mtazamaji unabaki unauliza mbona mfalme bado ana pa kukimbilia.

Lingine ni hili la mwenye malkia, kete yenye nguvu kuliko zote, ndo mshindi, na hapa nitakaa kidogo. Dubai, Desemba 2021, ubingwa wa dunia, Carlsen wa Norway, bingwa wa wakati huo, na mpinzani wake Nepomniachtchi wa Urusi. Gemu 5 za kwanza zote sare. Ya 6 Carlsen akatoa malkia akachukua ngome mbili, na wakaendelea kukamuana mpaka mwisho yeye ana ngome, farasi na askari wawili, mwenzake kabaki na malkia peke yake. Carlsen akashinda, hatua 136, zaidi ya saa 7, hakuna gemu ndefu kuliko hiyo kwenye historia ya ubingwa wa dunia. Sababu ni kwamba malkia anapata ulaji pale kete za adui zikiwa zimetapakaa, zikishalindana hana pa kung'ata, anabaki kupiga cheki tu, yaani kumtishia mfalme, na cheki nazo zinaisha. Alafu kumbuka uchovu, maana kwenye mechi ile muda wa nyongeza wa sekunde 30 kwa kila hatua ulianza hatua ya 61, kwahiyo saa za mwisho wote wawili walikua wanaishi kwa sekunde. Nepomniachtchi baada ya hapo akapoteza gemu nyingine 3.

Eti wanaona hatua 20 mbele? Mara chache, pale majibu yakiwa ya lazima. Kawaida mzoefu anaangalia hatua mbili tatu za maana na nyingine hata hazigusi, kwasababu ameshaona mipangilio kama hiyo mara elfu.

Na muda ukikuishia sio lazima upoteze, mpinzani akiwa kabaki na mfalme tu ni sare.

Kurudisha hatua je? Sahau. Ukigusa kete yako kwa makusudi na ina pa kwenda, unaichezesha hata kama roho inauma, na kama unataka tu kuinyoosha kwenye kisanduku chake unasema kwanza kwamba unainyoosha tu, ndo unaigusa.