Muulize alianza kuimba na nani

Mtu akija kujiunga na kwaya ninayoifundisha hapa Mbeya, simpimi sauti siku hiyo. Namuuliza swali moja tu: "Ulianza kuimba na nani?" Wengi hunyamaza kidogo, maana walijiandaa kuulizwa kama wao ni soprano au besi. Kisha yanatoka. Na bibi, kule Rungwe, tukichuma chai. Na mama, hakuwa mtu wa kukaa kimya jikoni. Na wenzangu kwenye mchakamchaka. Na kwaya iliyokuja kukesha kwetu tulipofiwa na baba. Wa kuniambia kwamba alianza peke yake, kwa kuwa siku moja aligundua ana sauti nzuri, bado sijampata.

Kufundisha sauti na kwaya ndiyo kazi yangu, na majibu hayo yamenifanya niamini jambo ambalo ningependa kila mzazi, kila mwalimu wa shule ya Jumapili na kila kiongozi wa kwaya alijue. Hamu ya kuimba haizaliwi na sauti nzuri. Inazaliwa na kukaa karibu na watu wanaoimba, wakakuacha uimbe nao kabla hujajua. Sauti inakuja nyuma. Sisi tunaliona jambo hili kinyume kwa sababu tunakutana na mwimbaji akiwa ameshakomaa, amesimama mbele ameshika maiki, basi tunasema "huyu kazaliwa nayo".

Mwanzo wenyewe uko mbali kuliko kumbukumbu. Mtoto husikia sauti ya mama yake angali tumboni. Mwaka 1980 watafiti wawili wa Marekani, Anthony DeCasper na William Fifer, walionyesha kwamba watoto wasiofikisha hata siku 3 tangu kuzaliwa waliweza kubadili namna ya kunyonya chuchu ya bandia ili wasikilizishwe sauti ya mama zao badala ya sauti ya mwanamke mwingine. Mwaka 2015 Chuo Kikuu cha Montreal, Kanada, kilitoa matokeo mengine yanayonivutia zaidi. Watoto ambao hawajatimiza mwaka mmoja walisikilizishwa nyimbo na maneno kwa Kituruki, lugha wasiyoizoea. Wimbo uliwatuliza kwa wastani wa dakika 9 hivi kabla hawajaanza kulia. Maneno ya kawaida, hata yakisemwa kwa ile sauti ya kubembeleza, yaliishia kama dakika 4.

Sasa mfikirie mama wa Uyole anayechimba viazi, mtoto yuko mgongoni kwenye kanga, naye mama anaimba pambio. Mtoto yule hasikii kwa masikio peke yake. Kifua chake kimelala juu ya mgongo unaotetemeka kila mama anapotoa sauti, na pumzi ya mama inamwinua na kumshusha kila anapomaliza mstari. Anajifunza mahali pa kuvuta pumzi kabla hajajua neno hata moja. Nikipata mwanakwaya ambaye kuvuta pumzi kwake kunakwenda vizuri bila kufundishwa, nadhani najua alikolipata hilo, ingawa yeye mwenyewe hawezi kukumbuka.

Halafu inakuja shule. Kila asubuhi mstarini mtoto wa Kitanzania anaimba wimbo wa taifa, na nafurahi kila nikikumbuka kwamba muziki wake ulitungwa mwaka 1897 na Enoch Sontonga, mwalimu wa shule na wa kwaya huko Afrika Kusini. Lakini mwalimu mkubwa zaidi ni mchakamchaka. Kiongozi anaanzisha, kundi linaitikia. Kiitikio ni kifupi, hakibadiliki, na miguu inashika mapigo. Mtoto wa darasa la kwanza asiyejua wimbo hata mmoja anakuwa mwimbaji kamili mzunguko wa pili. Hakuna aliyemfundisha, hakuna aliyempima, na ukungu wa asubuhi umewafunika wote pamoja. Ngoma zetu nazo zimejengwa hivyo hivyo: anayecheza katikati ni hodari, ila aliyesimama pembeni ana kazi yake ya kupiga makofi na kuitikia, hata kama ni mtoto aliyetumwa dukani akapotelea hapo.

Kanisani nyanda hizi zimeshiba kwaya. Wamisionari wa Moraviani walifika Rungwe mwaka 1891, na Walutheri wa Berlin wakafika pande hizo hizo mwaka huo huo. Walikuja na uimbaji wa sauti nne, na Wamoraviani walikuwa na desturi ya matarumbeta tangu kwao. Ibada ya Pasaka ya alfajiri makaburini, na baridi ile, tarumbeta zikilia na watu wakiimba wakingoja jua lichomoze, imewavuta watu wengi, wakiwa bado wadogo, kuliko mahubiri yoyote. Tulipata pia nota za do re mi, zilizoanzishwa na Sarah Glover wa Norwich, Uingereza, kisha John Curwen akaziendeleza. Ndizo zinazomwezesha mwalimu wa kijijini kuandika wimbo mzima wa sauti nne ubaoni kwa chaki, bila ile mistari mitano ya kuandikia noti, na wakulima wakausoma jioni.

Ila mlango ambao watu hawautaji sana, na ambao mimi nauona mpana kuliko yote, ni msiba.

Wanaume hasa. Kijana aliyekwepa kwaya ya shule, aliyekuwa anaona kuimba ni mambo ya akina mama, utamkuta usiku wa msiba amekaa karibu na moto na wenzake. Kwaya inaanzisha. Nyimbo ni zile zile za siku zote, zina beti nyingi, na usiku ni mrefu. Baridi ya Juni inakulazimisha usogee, ukisogea unasikia besi ya mzee aliye kushoto kwako ikipita kwenye bega lako. Ukikaa kimya unabaki na majonzi peke yako, kwa hiyo unaingia, taratibu, chini chini, kwenye kiitikio. Hakuna atakayegeuka kukutazama. Ikifika saa tisa usiku, sauti zimekwisha kukauka, yule kijana ndiye bado ana nguvu, na anajikuta anashikilia besi karibu peke yake, na wazee wanaitikia kwa kichwa. Wanaume wengi ninaofundisha waliingia hivyo. Mwezi mmoja au miwili baada ya mazishi wanakuja mazoezini, wanasimama mlangoni.

Hili si jambo la jana. Monica Wilson, mwanaanthropolojia wa Afrika Kusini aliyeishi kwa Wanyakyusa miaka ya 1930, aliandika jinsi mazishi yalivyoanza kwa kilio cha wanawake, kisha ngoma zikapigwa na vijana wakacheza, mpaka huzuni yenyewe ikabadilika sura. Leo ngoma zile mahali pengi zimeiachia kwaya nafasi. Kazi ni ile ile.

Wapo pia wanaoanza ukubwani kwa sababu ya upweke, na hawapendi kulisema. Mwalimu aliyehamishiwa Makete, mwanafunzi aliyetoka Mtwara kuja chuo hapa mjini, mfanyabiashara aliyefuata soko la Tunduma akaacha familia Moshi. Wanatafuta watu, kwaya wanaipata njiani. Mwaka 2015 watafiti wa Oxford walilinganisha madarasa ya watu wazima huko Uingereza, ya kuimba, ya kazi za mikono na ya uandishi. Baada ya miezi 7 wote walikuwa wamezoeana, lakini wale wa kuimba walizoeana mapema zaidi. Kwa hiyo mgeni akiniambia alikuja kwaya ili apate wenzake, mimi naona amefika kwa njia sahihi kabisa.

Na vijana wa simu? Hao pia wana mtu wa kuimba naye, yuko sikioni. Wengi hapa Mbeya wanamtaja mwimbaji Rayvanny, na si ajabu: alizaliwa mkoa huu huu, na mwaka 2017 akachukua tuzo ya BET ya Marekani. Kumwona mtu wa kwenu amefika ni kupewa kiti karibu naye. Shida ninayokutana nayo ni ya kiufundi. Kijana anaiga wimbo kwenye ufunguo ule ule wa msanii, yaani kwa kimo kile kile cha sauti, sauti iliyokwisha kunyooshwa na kompyuta, anabana koo ili afike juu, baada ya wiki anakohoa na anadhani hana kipaji. Shusha ufunguo, hatua mbili au tatu. Wimbo ni ule ule.

Sasa niseme hamu inavyouawa, maana hapa ndipo ninapoumia. Inauawa kwa sentensi moja. "Wewe chezesha mdomo tu, usitoe sauti." Watu wa miaka 50 wananisimulia sentensi hiyo, wanakumbuka na darasa lilivyokuwa limepangwa. Wametii miaka yote hiyo.

Na mara nyingi aliyeambiwa hakuwa na tatizo lolote. Watu ambao ubongo wao kweli hautofautishi noti ya juu na ya chini wapo, lakini ni wachache sana. Makadirio ya karibuni ni kama mtu 1 au 2 kati ya 100. Watafiti Steven Demorest na Peter Pfordresher walionyesha mwaka 2015 kwamba watoto wa Marekani huongezeka usahihi wa kuimba tangu chekechea hadi mwisho wa shule ya msingi, kisha watu wazima wanashuka, na kwa baadhi ya vipimo wanarudi kiwango cha chekechea. Maelezo yao ni kwamba watu huacha kuimba. Uwezo huu unakaa kwa anayeutumia.

Upande wa watoto kuna jambo dogo ambalo lingeokoa wengi. Mtoto mdogo anaimba kwa raha kati ya noti za D na A, juu ya C ya katikati ya kinanda. Mwalimu wa shule ya Jumapili anaanzisha wimbo saa moja asubuhi, sauti yake mwenyewe bado nzito ya usingizi, anaanzia chini kabisa. Watoto hawafiki huko. Wanafanya wanachoweza, yaani wanapiga kelele kwa sauti ya kuongea, na mwalimu anasema watoto hawa hawajui kuimba. Mwalimu wangu, panda. Anzia pale ambapo wewe unaona ni juu kidogo, uimbe polepole, uone watakavyonyooka.

Kwa mtu mzima naanza upande wa pili: simwambii anifuate, mimi ndiye ninayemfuata. Alikuja fundi ujenzi mmoja, mkewe ni alto wetu. "Mwalimu, mimi sauti sina. Mama Neema ndiye mwimbaji." Nilimwomba anionyeshe anavyomwita kibarua aliye ghorofa ya chini. Akaita, "Leta zegeee!" Ile "e" ndefu ilikuwa noti safi, imara, juu zaidi ya mnong'ono aliokuwa akiuita kuimba. Nikaitafuta kwenye kinanda, ilikuwa D. Nikamwambia aite tena na asiiachie, nami nikaingia kwenye noti ile ile. Sauti mbili zikikutana sawasawa kuna mtikisiko unaokatika, unasikia zimekuwa moja, na aliyezoea kuambiwa hana sauti huwa hajawahi kulisikia hilo kwa ndani. Alinyamaza, akaniangalia, akasema, "Hebu tena." Tukarudia. Kisha nikapanda nusu noti, naye akapanda. Nikashuka, akashuka. Tulizunguka kwenye noti tano tu jioni ile, polepole sana, kwa sababu wengi wanaokosea noti wanakosea kwa kukimbizwa.

Kundi jingine la kuangalia ni wavulana wa miaka 12 hadi 15 sauti inapovunjika. Usimwache akae nyumbani "mpaka sauti itulie", hatarudi. Mpe ngoma, mpe tarumbeta, mtafutie hata mstari wa noti nne anazoziweza wiki hiyo, lakini kiti chake kibaki pale pale.

Mgeni wangu wa kwanza mazoezini namweka katikati ya waimbaji wawili imara wa sauti inayomkaribia, na siku hiyo tunaimba walau wimbo mmoja anaoujua tangu utoto. Ndiyo maana namuuliza alianza na nani: jibu linaniambia wimbo upi. Kumpima sauti kunakuja baada ya wiki kadhaa, na hata hapo nawasikiliza watatu watatu, simsimamishi mtu peke yake mbele ya wenzake mpaka aombe mwenyewe.