Anasikia ila haelewi: tunayokosea kuhusu wazee na masikio yao

"Akitaka kusikia, husikia." Wazee wetu wengi hapa Mombasa washatupiwa neno hili, na ni uonevu. Ndani kabisa ya sikio mna koklea, iliyojizungusha kama gamba la konokono, yenye seli za vinyweleo zipatazo 15,000. Kama 3,500 tu, zile za safu ya ndani, ndizo hasa hupeleka habari kwenye ubongo. Za nje kazi yao ni kuikuza sauti hafifu na kuupambanua mlio huu na ule. Kwa umri, kelele au dawa kama gentamisini, aghalabu za nje ndizo hutangulia kufa. Ndipo bibi akiwa chumbani na mjukuu, uso kwa uso, hamna neno linalompita. Mpeleke sokoni Kongowea, kati ya wachuuzi na honi za matatu, kila sauti humwingia imechanganyika na jirani yake.

"Basi mpigie kelele." Hapo ndipo ugomvi huanza. Sauti kubwa hata kwa sikio zima haikuhitaji kukuzwa sana, kwa hiyo humfikia mzee na ukali wake wote. Ndogo ndiyo hupotea. Utamsikia barazani: "Wasemaje, mwanangu?" Ukipaza: "Mbona wanipigia kelele? Mimi si kiziwi!" Mara zote mbili asema kweli. Tena milio myembamba hupokelewa mwanzoni mwa koklea, panapochakaa mapema, na humo ndimo zilimo s, f na sh. Kupaza huongeza irabu zaidi, ambazo hata hivyo alikuwa akizisikia. Zima redio, mkaribie, akuone mdomo, useme pole pole.

"Mashine ya sikio ni kama miwani." Laiti! Za kisasa hukuza sauti ndogo kuliko kubwa, zikiiga seli za nje, na zafaa sana. Ila kupambanua milio hazikurudishii. Seli zenyewe zikifa hazioti tena. Kuku huotesha nyingine, binadamu hatukujaliwa.

Na yale mafuta ya nazi ya uvuguvugu? Huenda yakalainisha nta. Kwenye koklea hayafiki, kiwambo cha sikio kimeziba njia. Na kama kimetoboka, ndiyo kabisa usiyatie.